Seli shina za kitovu na kovu la moto: je, huotesha ngozi mpya?

Mama Mdogo: Habari zenu, ndugu. Mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka sita, aliungua kwa uji wa moto kifuani na kwapani. Kidonda kimepona, lakini kovu limekaza hata hawezi kuinua mkono. Kliniki moja inadai kwamba sindano za seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) kutoka kitovu cha mtoto mchanga zitaotesha ngozi mpya palipo na kovu. Je, seli hizo hugeuka kweli kuwa ngozi? Aidha, mdogo wetu anakaribia kujifungua. Je, tuhifadhi kitovu cha mwanawe?

Mtaalamu wa Maabara: Poleni sana, dada. Seli hizo hukaa katika ute mzito unaozunguka mishipa ya kitovu, nazo si zile za damu ya kitovu, ambazo madaktari wa Paris walizipandikiza kwa mara ya kwanza mwaka 1988 kumtibu mtoto mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaofanya uboho ushindwe kutengeneza damu. Katika majaribio ya wanyama, seli nyingi za ute zinazowekwa kidondani hutoweka baada ya muda mfupi. Manufaa yake hutokana hasa na protini zinazozitoa, ambazo hutuliza uvimbe, huchochea mishipa midogo ya damu kuota, na kuziamsha seli za mgonjwa mwenyewe zijenge upya. Lakini hayo ni ya kidonda kibichi; kovu lililokwisha kukomaa ni jambo jingine.

Muuguzi wa Majeraha ya Moto: Aliyeoteshewa ngozi kweli ni mtoto mmoja kutoka Syria, mwenye ugonjwa wa kurithi wa ngozi, aliyetibiwa Bochum, Ujerumani, mwaka 2015, akarudishiwa takriban asilimia 80 ya tabaka la juu la ngozi yake, lakini chanzo kilikuwa kipande kidogo cha ngozi yake mwenyewe, ambacho seli zake zilirekebishwa jeni. Kovu lililofunga kwapa hufunguliwa kwa upasuaji, hupandikizwa ngozi ya mgonjwa, kisha hufuata banzi na mazoezi ya miezi mingi. Mtoto bado anakua na kovu halikui naye, kwa hiyo nawasihi fedha za sindano ziende huko, tena mapema.

Mama Mdogo: Ahsanteni sana. Na kuhusu kitovu?

Mtaalamu wa Maabara: Hata Marekani, damu ya kitovu imeidhinishwa kwa matatizo ya mfumo wa kutengeneza damu, si kwa ngozi. Ninachosisitiza ni kwamba msikubali kitovu kikatwe haraka kwa ajili ya kukusanya damu: Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau dakika moja, kwa kuwa damu hiyo humwongezea mtoto akiba ya madini ya chuma.