Podikasti wakati wa kuchambua dagaa: zinasaidia, au ni kumaliza bando tu?

DagaaKauzu (Kirumba)
Habari za jioni wakuu. Kazi yangu ni kuchambua na kuanika dagaa hapa soko la Mwaloni, Mwanza, saa tano au sita kwa siku. Mikono inakwenda yenyewe, kichwa kimelala. Nataka muda huo nisikilize podikasti, yaani vipindi vya sauti vya kupakua kwenye simu, za biashara, afya na Kiingereza. Nimejaribu, mambo matatu yananishinda: bando linakata mchana, jioni sikumbuki nilichosikia, na nikianza kupima madebe hesabu inapotea. Nirekebishe wapi?

Fundi_Igoma
Tuanze na bando, maana ndilo jepesi. Kama unasikilizia YouTube, unalipia picha usiyoitazama, na kwa akaunti ya bure ukizima kioo sauti inakata, kwa hiyo na chaji inateketea. Weka programu ya podikasti yenyewe. AntennaPod ni ya bure, haina matangazo, ipo kwa simu za Android. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa. Ya kilobiti 128, kama MB 58. Hata saa tano nzima hazifiki MB 300. Pakua usiku penye Wi-Fi, asubuhi zima data kabisa. Halafu iamuru programu ifute kipindi ukishakimaliza, la sivyo nafasi inajaa, upakuaji unakwama kimyakimya, nawe utalaumu mtandao.

Mwalimu_Nyegezi
Ndugu yangu, kupoteza hesabu si uzembe. Unapohesabu, unajitamkia namba moyoni, na huyo anayeongea sikioni naye anapita njia hiyohiyo ya maneno. Lazima mmoja ampishe mwenzake. Kuchambua ni tofauti: macho yanatafuta mchanga na vikonokono, vidole vinatoa, maneno yanabaki na nafasi yake. Kwa hiyo kabla hujashika debe au sado, simamisha kipindi. Ukirudi kugeuza dagaa kwenye chanja, washa. Kufua, kupiga pasi, kuosha vyombo, kungoja kivuko cha Kamanga, hapo sikiliza kwa raha. Kujumlisha mauzo au kujibu ujumbe wa mteja, zima.

Kusahau kuna dawa, ila inataka nidhamu. Saa tano mfululizo ni nyingi mno. Chukua kipindi kimoja cha dakika 25 hivi, kikiisha usiruhusu kingine kijiwashe (hiyo huzimwa kwenye mipangilio). Endelea kuchambua kimya kwa dakika tano ukijiuliza: amesema mambo gani mawili? Yatamke kwa maneno yako, hata kwa Kisukuma. Kule kulivuta jambo kutoka kichwani ndiko kunakolikaza, kuliko kulisikia mara ya pili. Likigoma kabisa, ndipo urudishe nyuma. Jioni msimulie mtu nyumbani.

Na usijibane kwamba kila kipindi kikufundishe. Kazi ya kurudiarudia inachosha akili kwa kuikosesha shughuli. Kipindi kizuri kinaipa pa kushika, saa zinasogea, na mtu anafika nyumbani bado ana hamu ya kuongea na watoto. Hiyo nayo ni faida, tena kubwa.

MtuWaZiwani
Naongeza la masikio. Ziba moja tu. Upepo wa mvua ukigeuka ghafla kutoka ziwani, wenzako watapiga kelele mfunike dagaa, na dagaa aliyenyeshewa bei yake unaijua. Ukitumia sikio moja, ingia Mipangilio, kisha Ufikivu (Accessibility), uwashe sauti ya mono, yaani sauti za pande zote mbili zije kwenye sikio moja. Vipindi vingine vimerekodiwa mtangazaji upande mmoja na mgeni upande wa pili, utasikia maswali bila majibu.

Sauti: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kipimo cha haraka ni hiki, mtu aliye umbali wa mkono akikuita kwa sauti ya kawaida usimsikie, punguza. Usishindane na injini ya daladala. Kwenye bodaboda na unapovuka barabara, toa kabisa.

Ute na mafuta ya samaki huziba kile kiwavu cha spika ya sikioni, sauti inafifia upande mmoja. Igeuze kiwavu kitazame chini, pangusa kwa mswaki mkavu laini. Sindano hapana, inatoboa kiwavu na kusukuma uchafu ndani.

DagaaKauzu
Asanteni sana, nimeelewa. Mwalimu, na Kiingereza je? Wanaongea mbio mno.

Mwalimu_Nyegezi
Shusha kasi hadi 0.8. Chini ya hapo maneno yanavutika, matamshi yanaharibika. Tafuta vipindi vifupi vyenye maandishi yake, kama 6 Minute English vya BBC Learning English, vya bure. Kimoja kwa siku tatu: siku ya kwanza sikiliza tu, ya pili pitia maandishi ukiwa umekaa, ya tatu sikiliza kwa kasi ya kawaida. Siku za mbalamwezi dagaa ni wachache na kazi inapungua, zitumie kusoma maandishi ya vipindi kadhaa. Giza likirudi na mzigo ukijaa, utakuwa na vya kusikiliza bila kushika simu.