Tupeane uzoefu: lini wimbo ulikutoa jasho mbele ya mkwe, mzazi au mtoto?

Mama Shadya
Wakuu, habari za Jumapili. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Alhamisi, naomba nilitue hapa.

Nilimpeleka baba mkwe kliniki ya macho. Mzee katoka Kilwa Kivinje, mara ya mwisho kufika Dar ilikuwa harusi yetu. Tukapanda daladala Rangi Tatu, siti ya nyuma ya dereva, yeye dirishani na kofia yake ya vito, tasbihi mkononi. Foleni ya Kilwa Road asubuhi mnaijua. Tulipofika Misheni konda akaongeza sauti. Singeli. Mwanzo wala sikusikiliza maneno, nimeshazoea, kwangu ni kama kelele za jenereta. Halafu nikaona kidole cha mzee kimesimama kwenye punje moja ya tasbihi. Hakisogei. Hapo na mimi ndipo nikaanza kusikia kinachoimbwa. Jamani! Viungo vya mwanamke vinatajwa kimoja kimoja kwa majina yake, konda anaitikia huku anagonga bodi, na watoto wawili wa shule wamesimama mlangoni, mistari yote wanaijua, hawakosei hata neno.

Sikuweza kumwambia konda apunguze, maana kusema ni kukiri mbele ya mkwe kwamba nimesikia. Nikainamia mkoba kama natafuta nauli, na nauli nilishalipa. Jasho mpaka kwenye kope. Kwa Aziz Ali mzee akasema, "Mwanangu, tushuke." Tukashuka, tukatembea juani mpaka Uhasibu, yeye na bakora yake, hakuna aliyefungua mdomo.

Mimi nasema maadili yameporomoka, na ukitaka kupima, sikiliza watoto wanaimba nini. Kama limekukuta, weka hapa.

Fundi Redio
Pole mama. Mimi ilikuwa kwenye bajaji, na mama mzazi. Nilijifanya nimelala.

Chausiku wa Temeke
Ungemwambia konda. Wakiambiwa vizuri wanapunguza. Tatizo sote tunakaa kimya.

Kaka wa Gomz
Wapi! Mimi nilimwambia, akaongeza. Ukiwa na mkwe kodi bajaji, ingia gharama, yaishe.

Mzee wa Keko
Uzi huu umenigusa. Sisi tuliokuwa tunakwenda DDC Kariakoo kuisikiliza Mlimani Park, bendi ya dansi iliyoanzishwa 1978, Sikinde yetu, tunaumia. Ulikuwa unakwenda dansini na mkeo na shemeji yako, na mkweo huenda yuko meza ya tatu, na hakuna wa kuinamisha kichwa. Mashairi yalisomwa kwanza pale Redio Tanzania kabla bendi haijaingia studio. Mtunzi akiwa na jambo la chumbani alilifunga kwenye fumbo, mkubwa akalielewa, mtoto akabaki anacheza tu. Zikaja redio za watu binafsi kuanzia 1994, zikaja simu, sasa anayekagua ni nani?

Msondo Damu
Mzee, shikamoo, lakini hadithi unaianzia katikati. NUTA Jazz, ndiyo Msondo yetu, ilikuwepo 1964, na hiyo Sikinde yenu imeikuta mjini.

Na tusipambe mambo. Dansi lile lile mnalolililia, nyimbo ngapi zinamtupia lawama mwanamke peke yake? Mke ana tamaa, mke ni mchawi, mke kavunja nyumba. Mama yangu alikuwa anazima redio, anasema hao wanaume wanaimba ugomvi wa nyumbani kwao. Halafu kumbukeni Remmy Ongala. UKIMWI unatumaliza, yeye kaimba watu watumie kondomu, Redio Tanzania ikakataa kuupiga. Wakati ule Remmy ndiye aliyekuwa anaharibu maadili. Leo kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy na kila mtu anashuka hapo kwa heshima zote.

Mzee wa Keko
Marahaba. Nimezungumzia lugha, wewe umeleta ushabiki. Sikinde ngoma ya ukae, hilo halibadiliki.

Chausiku wa Temeke
Na mipasho ya taarabu je? Miaka ya tisini kundi la TOT na Khadija Kopa upande huu, Muungano na Nasma Khamis upande ule, tulijaza kumbi mpaka madirishani. Mama zetu walitunza noti huku wamemkazia macho jirani waliyegombana naye. Mimi nilikuwa na miaka 9, nimekaa mapajani kwa shangazi, na kila neno nililielewa. Mtoto gani anabaki anacheza tu, Mzee wa Keko?

Dijei wa Manzese
Nimesoma kimya nimeshindwa. Mimi napiga singeli, mwaka wa nane huu. Muziki huu umetoka kwenye mchiriku na vigodoro vya mitaa yetu, sasa tunakimbiza zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, tumeanza na kompyuta za kuazima. Nyimbo chafu zipo, sikatai, na nyingine zinanitia aibu mimi mwenyewe nikiwa na dada zangu. Lakini nina wimbo wa mama aliyepoteza mtoto kwenye mafuriko ya Jangwani. Nilimpa dereva mmoja wa daladala ninayemfahamu. Kaupiga siku moja, kesho yake kanirudishia, abiria wameomba ule mwingine. Abiria ni nyinyi, wakuu.

Mama Shadya
Dijei, huo wa Jangwani uweke tuusikie. Sijasema nyote ni wabaya.

Bi Somo
Wanangu, mimi ni kungwi, nimewatia wari ndani miaka na miaka. Nyimbo ninazoimba mle ndani, huyo konda akizisikia ataziba masikio. Tunataja kila kitu kwa jina lake, maana mwari lazima ajue. Ila mlango umefungwa. Mwanamume hapiti, mtoto hapiti, na mwari akitoka nje hayasemi. Matusi hamkuyaanza nyinyi vijana. Mlichofanya ni kuung'oa mlango mkaubeba mpaka barabarani.

Kaka wa Gomz
Bi mkubwa umemaliza.

Mtoto wa Kigogo
Nina jambo sijawahi kulitoa nje ya nyumba yetu.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 16. Nilikuwa na kaseti 11 za rapu, nyingine nimejirekodia redioni usiku, kidole kwenye kitufe, nakata kabla mtangazaji hajaanza kuongea. Baba akazikuta chini ya godoro. Hakunipiga. Alikoleza jiko la mkaa uani, akaziweka moja moja, na kila anayoishika ananisomea jina, majirani wanatazama. Ule utepe unavyojikunja motoni, na ule moshi mweusi unaokaba koo, mpaka leo naujua. Alisema muziki wa wahuni hauingii kwake. Miaka mitatu, kati yetu ni shikamoo na marahaba tu.

Ikaja 2019. Mwanangu, miaka 13, namkuta na singeli kwenye simu. Nikainyakua, mkono umeshapanda niipige ukutani. Baba yuko barazani, ana miaka 70, akaniita kwa jina langu la utotoni. "Mwache." Akaingia ndani, akatoka na suruali.

Suruali ya kahawia, imebana miguu, hizi mnazoziita modo. Mguu wa kushoto umechanwa kuanzia gotini mpaka chini, umeshonwa kwa mkono kwa uzi mweusi, mishono mikubwa ya mtu aliyeshona kwa hasira. Aliyeshona ni bibi. Baba akaanza kueleza. Januari 1969, Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU wamekataza vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Yeye ana miaka 20, anatoka Kariakoo, santuri ya James Brown kaibana kwapani. Wakamzunguka vijana wa rika lake, mmoja amesoma naye. Wakamshika mikono, wembe ukapita kwenye suruali, santuri ikakanyagwa. Alirudi nyumbani kwa miguu amekishika kitambaa, watu wanacheka. Novemba mwaka huo huo soul yenyewe, muziki wa kina James Brown, ikapigwa marufuku Dar es Salaam.

Nikamuuliza, "Sasa baba, kaseti zangu ulizichomea nini?" Akaitazama ile suruali muda mrefu. Akaniomba maji. Niliporudi na kikombe ameshaingia ndani. Hatujalizungumza tena.

Fundi Redio
Nimesoma mara mbili, wateja wanasubiri.

Mzee wa Keko
Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Dada yangu alilificha wigi lake ndani ya debe la unga.

Msondo Damu
Pole sana ndugu. Ila mzee ulimdai jibu, na hakukupa. Hakukutendea haki.

Mtoto wa Kigogo
Mzee wangu muache. Nimeweka hapa kwa sababu ya mada, sijamleta kuhukumiwa.

Msondo Damu
Samahani. Nimeteleza.

Chausiku wa Temeke
Mimi wanangu nasikiliza nao, tukifika penye uchafu nasimamisha nawauliza hili neno maana yake nini. Wanaona haya wenyewe wanabadilisha.

Kaka wa Gomz
Mimi nimefuta kila kitu kwenye simu zao. Kasida na kwaya, basi.

Mama Shadya
Ndugu wa Kigogo, nimelia. Lakini sijashawishika. Baba yako alichaniwa nguo na kukanyagiwa santuri aliyoibana kwapani, hakuifungulia kwenye daladala mkwe wa mtu akiwa ndani. Mimi niko na Bi Somo, nadai mlango. Mzee amerudi Kilwa jana. Stendi alinishika kichwa akaniombea dua, akasema nisimwambie mwanawe tulichokisikia.

Fundi Redio
Mkuu wa Kigogo, hiyo suruali bado ipo?

Mtoto wa Kigogo
Ipo. Kijana amemaliza kidato cha sita, akaiomba aivae kwenye mahafali, na babu akakubali. Tukaipeleka kwa fundi hapa mtaani. Fundi akataka aufumue ule uzi mweusi aweke wa kahawia. Baba akaichukua suruali mezani, akasema uzi huo hauguswi.