Naombeni ushauri, nampeleka mama Alexandria

Habari za humu wapendwa, wale mliowahi kufika Alexandria huko Misri naombeni msaada. Mi niko Cairo kwa kozi fupi, mama anakuja kunitembelea Januari na keshaniambia haondoki bila kuiona bahari ya huku. Shida ni magoti, ngazi nyingi haziwezi, akipanda kumi tu anatafuta pa kukaa.

Tiketi za treni nishaangalia, ni kama masaa mawili na nusu hivi toka stesheni ya Ramses ila naona wengine wanashuka Sidi Gaber wengine wanaenda mpaka mwisho Mahattat Misr, hapo ndo nimekwama. Tunataka kuona ngome ya Qaitbay (ile iliyojengwa palepale palipokuwa na mnara wa taa wa zamani) na ile maktaba kubwa iliyofunguliwa 2002, basi, halafu tule samaki. Nilimuuliza dereva teksi mmoja bei ya kutuzungusha siku nzima, akataja hela nikacheka tu. Halafu mwenzangu darasani anasema Januari kuna mvua na upepo, mawimbi yanaruka mpaka barabarani pale Corniche (ile barabara ya kando ya bahari), kanitisha kweli.

Sasa maswali yangu mawili. Tushuke stesheni gani ili mama asitembee sana? Na je, niende nikarudi siku hiyohiyo au tulale usiku mmoja, maana yeye akichoka anakuwa mkali huyo!

Asanteni sana.