Wakuu, nawafundishaje hesabu za uchumi watu walioikimbia hesabu tangu form four?

Habari za humu wakuu. Semista hii nimepewa hesabu za uchumi mwaka wa kwanza, darasa limejaa, EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) wa kuhesabu, waliobaki HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) na ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu), wengine wametokea diploma, na hiyo BAM (zile hesabu za msingi za form five na six) walisoma ya kusogeza siku. Testi ya kwanza nimeuliza gharama ya nyongeza (marginal cost, yaani gharama inayoongezeka ukizalisha kimoja zaidi), zaidi ya nusu wameacha karatasi nyeupe. Nikilegeza watakwama mwaka wa pili, nikikaza wote wanakula sapu (mtihani wa marudio). Nifanyeje?

chapati_mbili: Mkuu usianze na kudifarenshieti. Chukua muuza chapati, gharama = 5000 + 100q + q², q ni idadi ya chapati. Waambie wapige wenyewe, chapati 10 ni 6100, 11 ni 6221, kwahiyo ile ya 11 imeongeza 121. Wakishaizoea hiyo ndo unawaonyesha ukidifarenshieti ile gharama unapata 100 + 2q, inakupa 120 pale kwenye 10, wenyewe wataanza kuuliza hiyo 1 imeenda wapi, na hapo ndo somo lilipo.

mzee_wa_supu: Mnawadekeza tu. Asiyejua hesabu aende akasome kitu kingine.

hge_mstaafu: @mzee_wa_supu mi nilikuwa na F ya hesabu na uchumi nimemaliza. Kilichokuwa kinaniua ni mwalimu kuruka mistari mitatu ubaoni halafu anasema "hapa ni wazi", sasa wazi kwa nani? Andika kila mstari mkuu, hata ule unaoona wa kitoto.

Mwanzisha uzi: Asanteni. Nimerudia karatasi zao usiku huu, aisee kalkulasi naisingizia tu. P ni bei, Q ni kiasi, P = 20 − 2Q, natafuta Q, mtu anaandika Q = 20 − P/2! Amegawa P kwa 2, ile 20 kaiacha inapunga upepo.

chapati_mbili: Hao walikaririshwa "hamisha, badili alama", hawajui kwamba unafanya kitu kilekile pande zote mbili. Wafundishe kuhakiki, aweke P = 4, Q inatakiwa 8, yeye anapata 18.

Mwanzisha uzi: Hii nimeichukua. Jumatatu nawapa kijitesti cha sehemu na kuhamisha, hakina maksi.

hge_mstaafu: Ukisema hakina maksi utakuja kukifanya mwenyewe 😂 weka hata mbili.