Naomba ushauri: nitawaelezaje wakulima upimaji wa usalama wa mazao yaliyobadilishwa vinasaba?

Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha baiolojia katika sekondari moja wilayani Kasulu, Kigoma, na nimeombwa kuzungumza na wakulima wa mahindi na maharage kuhusu namna usalama wa mazao yaliyobadilishwa vinasaba unavyopimwa kabla hayajaliwa.

Mwongozo wa mwaka 2003 wa Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, unataka zao jipya lilinganishwe na la kawaida kwa virutubisho na sumu za asili, na protini mpya inayotokana na jeni iliyoongezwa ichunguzwe kama inafanana na zile zinazojulikana kuleta mzio na kama inameng'enywa haraka na pepsini, kimeng'enya cha tumboni. Nimepanga kutumia mfano wa soya iliyowekewa jeni ya kokwa za Brazili: mwaka 1996 ilichapishwa taarifa kwamba protini ya jeni hiyo ilionyesha dalili za mzio katika vipimo vya damu na ngozi vya watu wenye mzio wa kokwa hizo, nayo soya haikuingia sokoni. Kwangu huo ni ushahidi kwamba upimaji unafanya kazi. Mzee mmoja niliyemsimulia alisema, kwa utulivu kabisa, kwamba ni ushahidi wa hatari. Sikuwa na jibu la haraka.

Linalonitatiza zaidi ni ulinganisho wenyewe. Mahindi ya kawaida hutofautiana kwa mbegu, udongo na mvua, hivyo mkulima atauliza tofauti ipi ihesabiwe kuwa ya kutisha. Waliowahi kufundisha jambo hili vijijini, mlilielezaje bila kuwatisha watu wala kuwafunika macho? Je, majaribio ya kulisha panya zao jipya kwa siku 90 niyataje, au yatazua maswali nisiyoyaweza?