Dola 1 ya kila mgeni iende kwenye taarab na ngoma? Naleta hoja, tujadiliane

MLETA MADA

Assalaam alaykum nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Hoja yangu naiweka mbele. Kila mgeni anayeingia Zanzibar achangie dola 1, na dola hiyo iende kwa taasisi za sanaa za jukwaani zisizogawana faida, zile zinazofundisha na kupiga taarab, ngoma na maigizo. Na iwe pesa ya kuendeshea, isiwe pesa ya mradi. Hiyo tofauti ndiyo iliyonileta hapa, nitaieleza.

Mwishoni mwa 2019 Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kwenye jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani, kilisema wazi kwamba kinakaribia kufunga. Kilifunguliwa 2002. Wanafunzi wa kudumu walikuwa 80 hivi, ada ilikuwa kama dola 13 kwa mwezi kwa mwenye uwezo, na kilichobaki kilitegemea balozi na mashirika ya nje. Kuanzia 2016 wafadhili hao wakawa wanajitoa. Pesa zilizohitajika kukinusuru zilikuwa kama dola 70,000. Sauti za Busara nayo, tamasha lililoanza 2004 na tulilozoea kulisikia Ngome Kongwe kila Februari, halikufanyika 2016. Pesa hazikutimia.

Sasa tupige hesabu. Mwaka 2024 waliingia wageni zaidi ya 700,000. Dola 1 kwa kichwa ni dola 700,000, mara kumi ya zile zilizokuwa zikitafutwa kwa kuombaomba 2019. Wageni haohao, tangu Oktoba 1, 2024, wanakata bima ya lazima ya dola 44 kwa mtu mzima, na bado wanakuja. Itakuwa 45. Sioni nani atakayegeuza ndege kwa dola hiyo, ilhali tangazo lililomvuta lina picha ya mtu kashika udi, ile ala ya nyuzi ya taarab.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nina kisa changu. Niliwahi kuwa mshika fedha wa kikundi kimoja cha taarab hapa mjini, jina nalihifadhi. Mwaka mmoja tukapata mfadhili. Tulifurahi, tukachinja mbuzi. Bajeti ilipokuja ilikuwa na kifungu cha fulana, kifungu cha bango, kifungu cha chai ya washiriki na posho ya mwezeshaji wa warsha. Kifungu cha nyuzi hakikuwemo. Na ganuni yetu wakati huo ilikuwa imekatika nyuzi tisa.

Kwa asiyeijua, ganuni ina nyuzi sabini na kitu, zimepangwa tatutatu, kila tatu ni sauti moja. Kwetu zilikatika mafungu matatu mazima, maana yake sauti tatu hazipo. Hewa ya bahari inazila, na sokoni Darajani huzipati, lazima uagize nje au umsubiri mtu anayesafiri. Nikaenda kwa afisa wa mradi nikaomba tupunguze fulana, tununue nyuzi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba haiwezekani, kwa sababu lengo la mradi ni uhamasishaji na nyuzi hazihamasishi mtu. Tukachapisha fulana 60. Usiku wa onyesho mpigaji wetu alikaa na fulana yake mpya, na kila wimbo ulipofika kwenye zile sauti mkono wake uliinuka ukasubiri hewani mpaka fidla zipite, kisha ukarudi. Watu wachache walitambua. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na daftari la mapato na matumizi, hesabu zimelingana mpaka senti ya mwisho, na nilitamani kulia.

Ndiyo maana nasema pesa ya kuendeshea: ya umeme, ya nyuzi, ya mshahara wa mwalimu wa Januari hadi Desemba. Mnasemaje?

MHASIBU

Mleta mada, ugonjwa umeupata, dawa nina wasiwasi nayo.

Nimekagua hesabu za jumuiya nyingi zisizo za kiserikali, na kisa chako cha fulana nakiamini kuliko vyote ulivyoandika. Mfadhili anapenda kulipia kitu kinachopigwa picha. Umeme haupigwi picha. Matokeo yake unakuta taasisi ina magari mawili ya mradi uliokwisha na haina pesa ya kumlipa mlinzi.

Lakini tusidanganyane kwamba tatizo ni wafadhili tu. Sanaa ya jukwaani ina hesabu ngumu kwa asili yake. Wachumi wawili wa Marekani, Baumol na Bowen, walilieleza hili tangu 1966: kiwanda kinaweza kununua mashine, mtu mmoja akafanya kazi ya kumi, lakini wimbo uliohitaji wapigaji ishirini miaka sitini iliyopita unahitaji ishirini leo, na kwa muda uleule. Mishahara ya nje ya jukwaa inapanda, na wewe lazima upandishe ili wapigaji wako wasikimbilie kazi nyingine, ila hutoi nyimbo nyingi zaidi kwa saa. Pengo halizibiki kwa kubana matumizi. Anayewaambia wasanii “jitegemeeni” angalau aanze kwa kuijua hesabu hii.

Wasiwasi wangu ni njia ya pesa. Dola yako ikiingia Mfuko Mkuu wa Serikali, itapangiwa foleni nyuma ya mishahara ya serikali na madeni, na utaipata Juni wakati tamasha lilikuwa Februari. Lazima sheria iseme kwamba haipiti huko. Pili, nani ataitwa taasisi isiyogawana faida? Wengi hudhani maana yake ni kupata hasara kila mwaka. Sivyo. Unaruhusiwa kubaki na ziada, marufuku ni kugawana. Taasisi isiyo na akiba hata ya miezi mitatu ikipata mtikisiko mmoja inaanguka. Machi 2020 utalii uliposimama tuliona.

Na tafadhali msilitolee mfano suala la mikopo. Kule Bara kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha. Utamaduni si jambo la Muungano, kwa hiyo si wetu, na hata ungekuwa wetu, chuo kinachomfundisha mtoto udi kwa dola 13 kitarejesha mkopo kwa kitu gani?

MAMA WA NG'AMBO

Mwanangu mleta mada, nimekusoma, na hizo nyuzi zimenigusa. Lakini nitasema kweli yangu.

Hizo dola 700,000 zikiwepo, mimi nitaziombea wodi ya wazazi. Nimelala mzungu wa nne na mzazi mwenzangu kitanda kimoja, sijasimuliwa. Ukija kuniambia pesa ya mgeni iende kwenye ganuni, nitakuuliza kwanza kuhusu kile kitanda, na sidhani kama ni vibaya kuuliza.

La pili, mbona katika hoja yako yote mwenye kulipa ni mgeni? Sisi tuko wapi? Bibi yangu hakuwahi kumsikia mfadhili. Wakienda taarab wanashona sare, na noti wanazichenji mapema ziwe ndogondogo, zinakunjwa zinafungwa kwenye pembe ya kanga. Beti likimgusa mtu anainuka. Haendi mbio. Anakwenda kwa mwendo wa ngoma, noti ameinua juu ionekane, anazunguka meza ya anayekusudiwa na beti lile, ndipo anamfikia mwimbaji anamtia mkononi. Na akirudi kukaa, mwenzake naye kashainuka, kwa sababu amejibiwa. Usiku mzima hivyo. Zile ndizo zilizonunua nyuzi.

Tunza ile ilikuwa malipo, na ilikuwa maneno. Mtu alitoa kwa sababu wimbo ulikuwa unamsemea. Sasa naambiwa taarab inapigwa hotelini, wageni wanakula kamba, hawajui beti linasema nini. Hao hata wakilipa dola 10, nani atainuka? Mimi nataka kujua tuliacha lini kutunza, na kwa nini, kabla hatujaenda uwanja wa ndege kumsubiri mgeni mlangoni.

MPIGA FIDLA

Mama, mimi ndiye huyo anayepiga hotelini. Nakubaliana na wewe, na ninakula kwa kazi hiyo.

Hoteli inataka dakika arobaini, nyimbo zilezile nne au tano wanazozitambua. Bashraf refu, ule muziki wa ala tupu usio na uimbaji, huwezi kupiga, watu wanakula. Nimekaa miaka sita bila kujifunza wimbo mmoja mpya. Chuo na klabu ndizo mahali pekee ninapopiga kitu kizima kutoka mwanzo mpaka mwisho, na huko silipwi. Zikifungwa hizo, hoteli zitabaki na sisi tunaojua nyimbo tano, na baada yetu hakuna.

MZEE WA MALINDI

Wanangu, ngojeni niwakumbushe.

Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905. Haikuanzishwa na wizara wala ubalozi. Ilikuwa klabu ya taarab ya watu wenyewe, wanachama walitoa ada, wakaagiza ala, wakakutana kupiga wao kwa wao. Kabla yake Sultani Barghash alileta muziki kutoka Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kusoma ganuni. Huo ulikuwa muziki wa mkono mmoja: akipenda upo, akichoka haupo. Klabu imeishi zaidi ya karne kwa sababu ilikuwa na mikono mingi.

Tumeonja na mkono wa serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Culture Musical Club, klabu nyingine ya taarab, ililelewa na wizara inayohusika na utamaduni. Ililelewa vizuri, nyimbo nzuri zilitoka, siwezi kusema vingine. Ila anayelelewa haulizi maswali mezani. Mnapoiomba dola hii, jiulizeni nani atakayeigawa, na atataka kusikia beti gani.

Mimi nina rai nyingine. Wazee wetu walipotaka kitu kidumu walikifungia nyumba. Misikiti na madrasa zina wakfu: nyumba au maduka, kodi yake inaendesha. Sisemi wakfu wa muziki, msije mkanipeleka kwa masheikh, huko hatutoki salama. Nasema amana ya kawaida. Taasisi ikipata pesa kubwa mara moja, isiile. Ijenge fremu tano chini na darasa la muziki juu. Fremu zikodishwe. Mfadhili akiondoka, muuza vitambaa wa chini hajaondoka, na tarehe moja analeta kodi.

MLETA MADA

Nawashukuru, na nimebadilika kidogo.

Mama, kuhusu kitanda sina jibu la kukushinda na sitaki kukushinda. Ninachoweza kusema ni kwamba dola ninayoitaka leo haipo popote. Haiko hospitali ikahamishwa. Ikianzishwa, na Baraza la Wawakilishi likaona igawanywe nusu kwa wodi ya wazazi, nitasimama kuiunga mkono, na nusu yangu bado ni mara tano ya kilichokuwa kinatafutwa 2019. Kuhusu kutunza umenifungua macho. Kikundi chetu kilipopata mfadhili tuliacha kutoza kiingilio, tukiona ni wema. Watu wakaja, wakakaa wamekunja mikono. Mwaka uliofuata mfadhili hayupo, tukarudisha kiingilio, hawakuja. Sikuwahi kuviunganisha vitu hivi viwili mpaka nilipokusoma. Kwa hiyo naongeza sharti: kinachopokea dola ya mgeni kioneshe kwanza kilichokusanya kwa wenyeji, iwe ada, kiingilio au tunza, hata kama ni kidogo.

Mhasibu, la Mfuko Mkuu nakubali neno kwa neno. Na hesabu zibandikwe ukutani kila robo mwaka, kwa Kiswahili, mahali mpiga dumbaki anapopita.

Mzee wangu, fremu nazikubali kwa moyo wote, ila Mji Mkongwe huo nani atatupa kiwanja? Tungeanza na nyumba moja ya serikali iliyokaa tupu, tukabidhiwe kwa mkataba mrefu, miaka 33 au zaidi. Mkataba wa mwaka mmojammoja haujengewi fremu. La mgawaji nimelifikiria usiku kucha. Bado nataka dola itoke kwa sheria ya serikali, lakini kamati ya kuigawa ichaguliwe na klabu zenyewe, na mjumbe wa serikali awemo mmoja tu, asiwe mwenyekiti. Najua hilo ndilo litakalopingwa zaidi, na hapo sitalegeza.

Mpiga fidla, klabu yenu wanafanya mazoezi siku gani? Nina seti moja ya nyuzi za ganuni niliyoletewa mwaka jana, tangu kikundi chetu kivunjike imekaa kabatini, haijafunguliwa. Kama ganuni yenu ina pengo, nitaileta.