"Miss": kukosa, kuachwa au kuwa na hamu?

Mapokezi_Nungwi
Asalaam aleikum. Niko mapokezi hotelini, na wageni wananichanganya na hii "miss". Mmoja kasema "We missed the ferry", mwengine "I miss my kids", wa tatu "One bag is missing". Kamusi inasema kukosa, basi. Nitaitumiaje bila ya kuchekwa?

Mwalimu wa Mkunazini
Waaleikum salaam. Tazama kinachofuata baada ya kitenzi. Kikiwa kitu chenye saa yake (boti, ndege, kipindi), umechelewa na kimekupita: "I missed the ferry", boti imeniacha. Wengi hapo husema "I lost the boat". Mgeni atafahamu kuwa ulikuwa na boti yako, imepotea!

Akifuata mtu, ni hamu. "I miss my kids", nina hamu na wanangu. Hutumika wakati uliopo madamu hamu bado ipo. Mkishaonana ndipo unaposema "I missed you". Kikifuata kitenzi chengine, kitie "-ing": "I miss swimming", si "I miss to swim".

"Missing" ya begi inaeleza hali: halipo panapotakiwa liwepo. Usimwambie mgeni "Your bag is missed", utakuwa unamwambia kuna watu wana hamu na begi lake.

Ukutani
Mtego mwengine uko kwetu wenyewe. Kukosa kwa Kiswahili kunabeba mengi ambayo "miss" haiyawezi. Nimekosa tiketi, zimekwisha: "I couldn't get a ticket". Nimekosa, nisamehe: "I was wrong, I'm sorry". Hapo "miss" haiingii kabisa. Na "missed" hutamkwa "mist", si "misedi".

Mapokezi_Nungwi
Shukran. Na "You can't miss it"? Nawasikia wakielekezana njia.

Mwalimu wa Mkunazini
Maana yake hupotei, utapaona tu. Mgeni akiulizia Ngome Kongwe: "It's opposite Forodhani, you can't miss it". Kwa jengo kubwa namna ile inafaa. Kwa nyumba iliyo ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe usithubutu, atazunguka mpaka magharibi. Ukisema "Don't miss Jozani", hapo unamhimiza asiache kwenda kwenye msitu huo kuwaona kima punju.